Mwenye Hatua Fupi Atangulie: Historia ya Marehemu Hilaria Qamara

Baba Paroko, masista, wazee wangu wa Masakta na ninyi mliotoka Endagikot tangu jana, shikamooni, na wadogo zangu ambao hamkuniamkia kwa sababu ya msiba, marahaba hivyo hivyo. Naitwa Tadeo Qamara, mdogo wake marehemu, baba mmoja mama mmoja, na ukoo umenituma nisome historia hii kwa kuwa mimi ndiye mkubwa niliyebaki, si kwa kuwa najua kusoma vizuri, maana hata miwani hii nimeazima kwa mwalimu.

Kabla sijaanza, kuna neno lilisemwa jana mchana chini ya turubai hili, kwamba mama huyu alitembea miaka yote, mvua yake jua lake, halafu ametangulia yeye, na mdogo wake aliyeshinda amekaa juu ya trekta bado yupo anakula ugali, sasa kutembea kote kule kumemsaidia nini. Aliyesema namjua, amekaa pale karibu na pipa la maji, na asiangalie chini. Hasira ninayo, sifichi, lakini nitamjibu kwa historia yenyewe, na namwomba asiondoke kabla sijamaliza.

Marehemu Hilaria Qamara Sulle alizaliwa tarehe 9 Mei 1934 katika kijiji cha Endagikot, Mbulu, akiwa mtoto wa pili wa mzee wetu Qamara Sulle na mama yetu Helena, ambao wote wamekwishatangulia, na mtoto wa kwanza alifariki akiwa mchanga, kwa hiyo Hilaria alikua kama mkubwa wa nyumba. Mama alitusimulia kwamba alianza kutembea akiwa na miezi tisa na hakufundishwa na mtu, alisimama uani akashika mkia wa ndama, ndama akaenda, naye akaenda. Mimi nilizaliwa mwaka 1940, na miaka yangu ya kwanza niliimaliza mgongoni kwake, nikiwa mzito, mvivu, na mwenye kulia nikishushwa chini, na wanaonifahamu watasema sijabadilika sana.

Kuhusu elimu, marehemu alianza darasa la kwanza mwezi Januari 1945 katika shule ya misheni, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu wakati wa kwenda, na karibu saa mbili wakati wa kurudi kwa sababu ya kupanda mlima. Nami nilianza Januari 1948, yeye akiwa darasa la nne, na siku hizo watoto wakubwa walikuwa wakikimbia na kuwaacha wadogo kwenye ukungu, tunalia mpaka kengele inalia. Hilaria aliikomesha tabia hiyo wiki ileile, akasimama katikati ya njia na mikono kiunoni, akawaambia wenzake, "Kuanzia leo mwenye hatua fupi atangulie, sisi wengine tunafuata mwendo wake." Mwenye hatua fupi nilikuwa mimi, kwa hiyo mwaka mzima nilitembea mbele kama mkubwa wa jeshi, watoto kumi na moja nyuma yangu, na dada wa mwisho kabisa, nikimsikia akihesabu hatua zangu kwa sauti mpaka kijitoni, na nikichoka anasema, "Usigeuke Tadeo, mimi nipo nyuma yako." Desemba 1948 alimaliza darasa la nne, na hakuendelea, kwa kuwa mzee aliona ada itoshe kwa mtoto wa kiume, na ada hiyo ndiyo iliyonifikisha mimi kwenye udereva. Mwaka ule mmoja ndio pekee niliowahi kutembea na dada yangu, naomba mlishike hilo, tutalirudia.

Tarehe 26 Novemba 1955 alifunga ndoa takatifu na marehemu Joakimu Hhando, katekista, wakahamia huku Hanang, hapa hapa Masakta tulipokaa, walipopata shamba la mahindi na maharage na ng'ombe wachache, na Mungu akawajalia watoto watatu, Benedikta, Xavery na Zita, wote mnawaona hapa mbele, na wajukuu tisa. Mume wake alifariki tarehe 17 Agosti 1971, akazikwa kule kanisani kwetu, kando ya zahanati, upande wa pili wa uwanda huu, na wakati huo uwanda ulikuwa majani matupu na migunga, mtu anapita anapotaka.

Kuhusu kazi, marehemu aliajiriwa tarehe 1 Februari 1966 kama mhudumu wa zahanati hiyo, akafagia, akachemsha sindano, akashika taa, akapokea watoto wengi kuliko alivyoandikiwa kwenye barua ya ajira, mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 1989. Kutoka hapa hadi zahanati ni kilomita saba, akaenda na kurudi kila siku ya kazi kwa miaka ishirini na mitatu, na tangu afiwe, kila asubuhi kabla ya kuingia kazini alipita kwenye kaburi la mume wake, akang'oa majani mawili matatu, akamwamkia, ndipo akaenda kufungua madirisha.

Mwaka 1975 shamba la ngano la serikali lilifika upande wetu. Mimi nililetwa kutoka Mbulu kama dereva wa trekta, nikapewa nyumba kambini, nyumba ya bati na mlango wa bluu, na nilijiona mtu wa maana sana. Njia ya dada yangu ilikuwa imepita katikati ya eneo, na kuzunguka kwa barabara ya magari ni kilomita kumi na sita, na aliyepewa eneo lile alime ndiye mimi. Kila Februari nilipita na plau juu ya njia ya dada yangu, kwa amri, nikaigeuza, nikaifuta, na kila Machi yeye aliifungua tena kwa miguu yake miwili, siku ya kwanza huoni kitu, siku ya kumi unaona mstari, mwezi ukiisha ni njia. Miaka kumi na sita tulifanya hivyo, mimi nafuta yeye anaandika, na hata siku moja hakuja kambini kunigombeza. Mwaka 1980 walinzi walimkamata wakampeleka ofisini, meneja wa wakati ule akamwuliza kwa nini hafuati barabara, akajibu kwa adabu kwamba barabara ni nzuri ila wagonjwa wake wanaamka mapema, na mmoja wa wale walinzi akaanza kujikunakuna shingo, kwa sababu mke wake alikuwa amejifungua mikononi mwa marehemu wiki iliyotangulia, basi wakamwacha aende.

Sasa niseme kosa langu. Mwaka 1978 niliona nimfanyie dada wema, nikipanda ngano nikaacha ukanda usiopandwa, upana wa mtu, kutoka kona hii mpaka kona ile, umenyooka kama uzi, kwa macho ya dereva ulikuwa mzuri mno, na kama msimamizi angegundua ningefukuzwa kazi. Wiki mbili baadaye nikaona dada anapita ndani ya ngano changa, ameuacha ukanda wangu, anafuata njia yake ileile iliyopinda pale katikati kuelekea mwinuko. Nilishuka kwenye trekta nikiwa nafoka, nikamwambia, "Dada, nimeweka kazi yangu rehani kwa ajili yako, halafu unanikanyagia ngano?" Akacheka, akaniambia, "Mdogo wangu, umenitengenezea njia ya trekta, na mimi si trekta, ungepita na mimi hata mara moja ungejua kwa nini inapinda." Nilinuna mwezi mzima, na kwa nini inapinda sikumwuliza.

Mwaka 1985 mimi nilianguka pale karakana, nikapelekwa zahanati, na mganga wetu Bwana Thadei, mtu wa Songea, ambaye yuko nasi hapa, akanipima akakuta presha iko juu, akanipa vidonge, akasema pamoja na vidonge nitembee kila siku, nusu saa tu, mwendo wa mtu anayewahi misa, nipunguze chumvi, nipunguze kukaa. Nikamwuliza kama hakuna sindano badala yake. Dada alikuwa amesimama mlangoni na beseni, akafurahi utadhani amepewa ng'ombe, akasema, "Basi Tadeo, utapita na mimi asubuhi." Nikamjibu, "Kesho, dada." Akasema, "Haya, nitakungoja njiani." Ile kesho niliisema miaka saba. Kesho kuna kulima, kesho kuna matope, kesho goti linauma, kesho nimepata lifti, na kila tulipokutana aliniuliza bila kuchoka, nami nikajibu bila haya, na hilo la kuningoja njiani nililichukulia kama maneno ya watu wanapoagana.

Wengine hawakuwa wajinga kama mimi. Mama Ludovika, yule pale amekaa na wajukuu wa marehemu, miguu yake ilikuwa imevimba na sukari imempanda mpaka haoni vizuri, marehemu akaanza naye kutoka mlangoni mpaka mtini, wiki iliyofuata mpaka mtaroni, akimtanguliza mbele kama alivyonitanguliza mimi, na baada ya miezi minane Mama Ludovika alifika kanisani kwa miguu, akapigiwa vigelegele utadhani bibi harusi. Wajawazito aliwaambia watembee, waliofiwa aliwachukua watembee naye, wenye ugomvi na waume zao walimweleza njiani, na yeye alisema hasira ya kweli haivuki mtaro wa pili, ikivuka basi hilo ni jambo la kupeleka kwa padri. Yeye mwenyewe alilala kama mtoto, alikula kwa hamu, hakuwahi kumeza kidonge cha presha, alijua ng'ombe wa nani amezaa na nyumba ya nani haijatoa moshi siku mbili, na mara tatu ninazozijua mimi, nyumba hiyo isiyotoa moshi ilikuwa na mgonjwa peke yake, naye ndiye aliyemkuta.

Mwaka 1987 wataalamu wa shamba waliona kitu kikawashangaza, kwamba katikati ya eneo langu kuna mstari ambao ngano haikui, na palipopinda ule mstari kuna duara, upana wa sufuria kubwa ya msibani, halioti kitu kabisa. Walidhani ni ugonjwa mpya. Mimi ndiye niliyewaendesha, nikawashikia mifuko ya plastiki wakijaza udongo, udongo ukapelekwa Arusha kupimwa, na majibu yakarudi kwamba ni mzuri, hauna kasoro, wakakuna vichwa. Ule mstari nilijua ni miguu ya dada, nikauma midomo nisicheke, lakini lile duara hata mimi sikulielewa, na nikalisahau.

Baada ya kustaafu mwaka 1989 hakuacha njia, alitembea kwenda kumwona mume wake, kupeleka maziwa kwa wagonjwa, kwenda jumuiya, au kwenda tu.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kusikia maumivu ya tumbo mwezi Januari 1992, akapelekwa hospitali ya misheni, ikaonekana ni saratani ya tumbo, ambayo haikuletwa na kutembea wala isingezuiwa nako. Wewe wa karibu na pipa, sikiliza hapa. Daktari alituambia mimi na Benedikta kwamba mwili uliobaki ni wa mtu mwenye nguvu, moyo wake ni wa msichana, ndiyo maana wamethubutu kumpasua, na siku ya tatu baada ya upasuaji alikuwa ameshika ukuta anatembea wodini, akiwashawishi wenzake waamke. Sikukuu ya Pasaka, tarehe 19 Aprili, alikwenda kanisani kwa miguu, akarudi kwa miguu, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kuipita njia yake. Mwezi Mei alifika mpaka mtini, Juni mpaka mlangoni, na Julai alikuwa akichezesha vidole vya miguu chini ya blanketi. Miezi ile yote ilikuwa ya ziada, aliipata kwa miguu yake, na aliitumia kuwaaga watoto wake mmoja mmoja, na wewe umeuliza ilimsaidia nini.

Jumatano tarehe 8 Julai nilikwenda kumwona, akauliza nimekujaje, nikasema nimebebwa kwa pikipiki, akatabasamu, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Tadeo, kesho?" Nikamwambia, "Kesho, dada," na safari hiyo nilisema kweli, Mungu shahidi yangu. Jumamosi tarehe 11 Julai 1992, saa tano asubuhi, alifariki kitandani kwake, akiwa na miaka hamsini na minane.

Juzi Jumapili, asubuhi, nilitaka kwenda kanisani kuonyesha mahali pa kuchimba, kando ya mume wake, nikasema nitapita njia yake, ndipo nikagundua kwamba siijui. Miaka kumi na sita nimeilima njia hii, na sijui inaanzia wapi! Ikabidi Mama Ludovika anionyeshe, akanitanguliza mbele, yeye nyuma, nikipumua kwa shida, ngano imesimama kiunoni huku na huku, imekauka, inasubiri kombaini. Tulipofika palipopinda nikalikuta lile duara. Udongo umeshindiliwa ukawa mgumu kama sakafu, kama mahali alipofungwa ndama muda mrefu. Nikamwuliza Mama Ludovika hapa pana nini, akashangaa mimi kuuliza, akaniambia, "Si hapa tulikuwa tunakungoja?" Nikainua macho. Kutoka pale, na kutoka pale tu kwenye uwanda wote ule, unaona kambi, na unaona mlango wangu wa bluu. Mama Ludovika akanieleza kwamba hapo ndipo alipokuwa akisimama tangu zamani kutazama kama mdogo wake ameamka mzima, ndiyo maana njia ilipinda, na tangu mwaka ule wa 1985 alisimama kila asubuhi kwa muda wa fungu moja la rozari, akiangalia kama mlango utafunguliwa nitoke, halafu anasema, "Basi, labda kesho," anaendelea na safari. Wataalamu walipima udongo wakasema hauna kasoro. Hauna, ndugu zangu, kasoro ilikuwa ndani ya ile nyumba.

Nilikaa chini pale nikalia mpaka Mama Ludovika akaninyanyua. Nimetamani kila siku tangu juzi nifungue ule mlango, hata asubuhi moja, nimwone amesimama kwenye ngano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya misheni, Bwana Thadei na wafanyakazi wa zahanati, Baba Paroko, jumuiya, majirani mliochota maji na kupika tangu Jumamosi, wafanyakazi wenzangu wa kambini, na meneja wa shamba, Bwana Hilary, ambaye ametoa trekta na tela kumpeleka marehemu kwa barabara. Tela tumelipokea kwa heshima, litabeba sufuria, maji, na wale wasioweza kabisa, lakini marehemu hatapanda trekta. Nimekwenda kwa Bwana Hilary kumwomba njia, ameruhusu, ila tusiitanue njia tukakanyaga ngano, tupite mmoja mmoja, kwa hiyo fundi amelifunga jeneza lining'inie kwenye mti mmoja mrefu kama tulivyokuwa tukibeba wagonjwa zamani, wawili mbele na wawili nyuma, wakifuatana, na vijana watapokezana.

Utaratibu wa safari ni wake, sikuutunga mimi. Wenye hatua fupi watatangulia, wazee, watoto, wenye magoti, na wa kwanza kabisa nitakuwa mimi, kwa ushauri wa Bwana Thadei ambaye ameniambia niende polepole nisisimame kwenye jua kali, halafu wenye nguvu, na marehemu atakuwa wa mwisho, nyuma yetu sote, mahali pake. Palipopinda tutasimama kwa fungu moja la rozari, ndipo tuendelee. Na wewe wa karibu na pipa, tumbo lako nimeliona, njoo ukae nyuma yangu, na kesho asubuhi nitapita kwako saa kumi na mbili na nusu, na kesho kutwa pia.

Dada Hilaria, mlango nimeufungua. Nimechelewa miaka saba, lakini nimetoka, nimevaa viatu, natangulia kama ulivyosema, na sitageuka, kwa kuwa najua upo nyuma yangu. Mungu akupokee, upumzishe miguu yako kwa amani.